Hesabu ya Trela Letu

Kila chama kinapokutana, kabla hata chai haijamiminwa, hakosi mtu wa kutuuliza: "Lile banda limefikia wapi?" Mwaka mzima tumejibu kwa mzaha. Mhariri alipotuomba tuandike habari zake kwa ajili ya toleo hili tulikubali upesi, kisha tukakaa wiki mbili bila kuandika neno. Habari za trela hili zina pande mbili. Upande mmoja ni wa mbao, bati na misumari, nao hausumbui kuusimulia. Upande wa pili ni wa fedha, na baadhi ya fedha hizo zilikuwa zenu. Tutasimulia pande zote mbili, kwa utaratibu ule ule mambo yalivyotokea.

Wanaotufahamu wanajua kwamba sisi ni mume na mke, wanafunzi wote wawili, na tuna binti wa miaka sita. Mmoja wetu kwao Tanga, mwingine Mombasa. Agosti mwaka jana tulikuwa na akiba ya dola 4,000. Ilikuwa nauli. Tuliikusanya kwa miaka miwili ili kiangazi kinachofuata twende nyumbani sote watatu, tuanzie Tanga na tumalizie Mombasa. Binti yetu hajawahi kumwona babu yake wa Tanga ila kwenye simu. Tiketi tatu zilikuwa zinakaribia dola 5,000, na kila tulipozikaribia zilipanda. Siku moja, kwenye ubao wa matangazo wa duka la vifaa vya shamba, tukaona picha ya trela dogo la kambi la mwaka 1964. Bei dola 800. Chini yake mwenyewe ameandika kwamba linahitaji kazi kidogo.

Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Tukajiambia: nauli haijatimia, kwa hiyo safari ya mwakani haipo, fedha zimekaa tu benki, trela tutalitengeneza kwa dola mia tano au mia sita, kiangazi tutapumzika nalo badala ya kulipia hoteli, mwisho tutaliuza kwa faida, na nauli itarudi na nyongeza juu. Hoja hizi tulizitoa wenyewe na tukazikubali wenyewe, usiku mmoja, kwenye meza ya jikoni. Kusema kweli mmoja wetu alikubali zaidi kuliko mwenzake. Lakini tulipatana tangu siku ile kwamba kosa ni la wote, na ndiyo maana makala haya yote yanasema "sisi".

Kwa wasioyajua matrela haya, tueleze kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani wengi walikuwa na gari, walikuwa na likizo, na barabara zilizidi kuwa nzuri, lakini si kila familia iliimudu hoteli. Viwanda vikatengeneza vyumba vidogo vya magurudumu vya kukokotwa na gari la kawaida. Vingi vilikuwa humu humu Indiana, kuzunguka mji wa Elkhart, ambako mpaka leo hutengenezwa sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za Marekani, na ambako pana makumbusho yenye trela la mwaka 1913. Letu ni Shasta, jina lililoanzia California mwaka 1941. Utalitambua kwa mabawa mawili ya bati huko nyuma, moja kila ubavu, yasiyo na kazi yoyote ila urembo. Chumba chake kina urefu wa futi 10. Ndani mna meza inayogeuka kitanda, jiko la gesi la plet mbili, sinki, makabati, na sanduku la kutia barafu mahali pa friji. Ukilitazama kwa ubavuni limeviringana, na Wamarekani huliita umbo hilo kwa jina la kopo la nyama ya nguruwe. Sisi, kwa sababu mnazozijua, tuliliita Kopo la Dagaa.

Tena tusidhani kwamba vitu hivi havikuwahi kufika kwetu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream inayotengeneza yale matrela yanayong'aa kama sufuria mpya, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipita Kongo na tope lake, wakapita Uganda na Kenya, wakafika Ethiopia enzi za Mfalme Haile Selassie. Basi nyumba hizi zilikwisha fika kwetu kabla sisi hatujafika kwao.

Dalili ya kwanza ya "kazi kidogo" ilikuwa matairi. Kila tairi lina tarakimu ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Siku hizi ni tarakimu nne. Ya kwetu yalikuwa na tatu, maana yake yalitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kabla trela halijasogea hatua moja tulikwisha nunua matairi mapya, beringi mpya na vifaa vya breki: dola 410. Mwenye trela alitushika mkono akatutakia heri. Tulimwona akicheka tulipokuwa tukiondoka, tukadhani ni ukarimu.

Tulipolifikisha nyumbani, mmoja wetu alichukua bisibisi akaigusisha kwenye ukuta wa ndani, chini ya dirisha la mbele. Bisibisi ikazama mpaka mpini, kama kisu kwenye mkate wa sinia. Tukabandua ubao ule. Nyuma yake mbao za fremu zilikuwa zimeoza zikawa kama majani ya chai. Pamba ya fiberglasi ilikuwa imelowa na kukauka mara nyingi hata imekuwa kama ngozi. Kila mahali kulikuwa na ukungu mweusi na mavi ya panya. Tulitoka, tukanunua barakoa na glavu, tukaanza upya.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo la kwanza kubwa. Trela la namna hii lilijengwa kutoka ndani kwenda nje. Kiwandani waliweka sakafu juu ya chesisi ya chuma, wakasimamisha makabati na kuta za plaiwudi nyembamba, wakaja fremu ya mbao, kisha pamba, na mwisho wakalivika bati la alumini kama shati. Kwa hiyo kulitengeneza ni lazima ulivue kutoka nje. Unaanza na vile vipande vya alumini vilivyoshika kingo, kisha madirisha, kisha bati. Kila kipande unakipiga picha na kukiandika namba. Skrubu nyingi zina tundu lenye umbo la tai ya shingoni na zinataka bisibisi yake maalumu. Tulihesabu skrubu 300 na ushei, tukaacha kuhesabu.

Usiku ule tulimpigia Baba.

Baba ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, lakini sote tunamwita Baba. Ni fundi seremala wa Tanga, karakana yake iko Ngamiani, na katika ujana wake alijenga mabodi ya malori: chesisi inakuja tupu, yeye anaivika mbao. Tulimtumia picha. Baada ya kumwamkia na kumuuliza hali, akauliza kabla hatujamaliza maelezo: "Hilo ni la nani?"

Hapa ndipo tulipoharibu. Baba alijua habari ya nauli. Alikuwa akihesabu miezi. Tukamwambia, "La jirani, Baba. Tunamsaidia."

"Basi mwambieni jirani yenu hilo ni bodi la lori tu, limevaa bati. Asiogope. Lakini asianze na sakafu. Nyumba hufa kwa paa."

Tulikuwa tumekwisha nunua plaiwudi ya sakafu. Tukaiweka kando, tukapanda ngazi. Alikuwa na haki. Maji yote yaliyoozesha kuta yaliingilia juu, penye maungio ya paa na ubavu, mahali ambapo puti ya kiwandani ilikwisha kauka na kupasuka miaka mingi iliyopita. Mmoja wa wenye trela wa zamani alipaka silikoni juu ya ufa badala ya kufungua na kuziba upya. Silikoni ikabanduka upande mmoja, maji yakapata njia ya siri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tunajenga kuta nne. Tena usiku, mmoja alipoingia ndani na taa ikawashwa nje, bati la paa lilionyesha vitundu vidogo vidogo kama nyota. Tukanunua roli ya bati jipya la alumini, dola 230, na utepe wa mpira wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo na usiokauka haraka. Huo ndio tuliotandika kila ungio.

Septemba na Oktoba zilipita hivyo. Jumamosi na Jumapili tulikata mbao, usiku tulituma picha Tanga, alfajiri tuliamka na kukuta ujumbe wa sauti. Baba ndiye aliyetufundisha kupata pinde la ubavu: chukua kadibodi, ilaze juu ya ubao uliooza kabla hujautoa, chora, kata, hicho ndicho kigezo chako, usiamini macho. Ndiye aliyetufundisha kuunganisha mbao kwa kupunguza kila moja nusu ya unene wake ili zilaliane, gundi katikati, skrubu juu. Na alitupa maneno. Tulikuwa tukisema "ile mbao ndefu ya juu inayopita huku na huku". Akasema, "Si mtambaapanya huo?" Tulicheka mpaka tukakaa chini, maana ndani ya mtambaapanya wetu tulikuta kiota cha panya chenye vipande vya gazeti.

Kila mara alimalizia: "Msalimieni jirani."

Siri nayo ina tabia ya kuvuja kama paa. Siku moja binti yetu aliichukua simu akamwonyesha nyanya yake wa Mombasa: "Nyanya, ona nyumba yetu mpya!" Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, kwani mumefukuzwa nyumba?" Ilitugharimu nusu saa kumtuliza, na nusu saa nyingine kumwomba asiseme Tanga. Akakubali, ila akatuambia neno moja: "Ukimficha mzazi jambo dogo, walikuza." Hatukumjibu.

Kufikia katikati ya Novemba paa lilikuwa limefungwa, na bati la ubavuni limerudi kasoro upande wa mlango. Theluji ikaja. Tukalifunika kwa turubai, tukahamishia kazi sebuleni. Madirisha yake ni ya luva, vioo vyembamba vilivyopangwa kama magamba na kufunguliwa kwa mkono wa kuzungusha. Sisi tuliokulia pwani tuliyajua siku nyingi. Nyumba ngapi za Tanga na Mombasa zina luva hizo hizo! Krismasi nzima tulikuwa tukisugua kutu, tukitia grisi kwenye meno ya vizungushio, tukibadilisha mipira. Mwenye nyumba wetu alikuja kukagua bomba akakuta vioo 36 vimelala kwenye zulia. Akatazama, akatoka taratibu.

Wakati huo tulikuwa tumetumia dola 2,650. Benki zimebaki 1,350.

Februari, saa tisa usiku, simu ikalia. Simu ya saa tisa usiku kutoka nyumbani kila mmoja wenu anaijua. Baba amepata kiharusi. Amelazwa, anapumua mwenyewe, upande wa kulia hauna nguvu, maneno yanatoka kwa shida. Anayeweza kuja, aje.

Tiketi moja ya haraka ilikuwa dola 1,780. Nyumbani walihitaji kutumiwa 500 za hospitali siku hiyo hiyo. Jumla 2,280, na sisi tuna 1,350. Mwaka mmoja kabla tungelipa bila kumwomba mtu. Tulikaa kwenye meza ile ile ya jikoni. Nje, chini ya turubai, nauli ilikuwa imesimama juu ya jeki nne.

Asubuhi mwenyekiti wa chama alipata habari, kabla ya jioni mchango ukapita. Mlitoa dola 940. Tunakumbuka namna mlivyotoa. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza alileta dola 20 mkononi na kusema zilikuwa za mafuta ya gari wiki ile, atapanda basi. Kwenye risala ya kuomba mchango iliandikwa kwamba sisi ni familia ya wanafunzi isiyo na akiba. Risala ile hatukuiandika sisi, lakini tuliisoma kabla haijasambazwa, na hatukusahihisha. Hatukudanganya kwa mdomo. Tulinyamaza. Mtu anayenyamaza huku akipokea amekwisha sema.

Basi leo tunasema. Akiba tulikuwa nayo. Tuliiezekea paa.

Mmoja wetu akapanda ndege, mwingine akabaki na mtoto. Baba alikaa hospitali siku tisa, akarudi nyumbani. Maneno yalianza kurudi, mkono wa kulia ukawa mzito. Seremala wa miaka hamsini alikuwa hawezi kushika kikombe. Siku ya nne nyumbani alikaa barazani, amefunikwa shuka ingawa kulikuwa na joto, akauliza pole pole, neno moja moja: "Jirani… trela lake… limekwisha?"

Zilikuwapo njia nyingi za kujibu. Tulijibu kweli. "Baba, si la jirani. Ni letu."

Alitazama barabarani. "Na nauli ya mtoto kuja kuniona?"

"Imo humo, Baba."

Hakusema kitu mpaka adhana ya alasiri. Huku Indiana ilikuwa asubuhi, na aliyebaki alikuwa ameshika simu, anasikia ukimya ule wote. Kisha Baba akasema, "Mngeniambia ningewakataza. Ndiyo maana hamkuniambia." Hakutusamehe kwa maneno na hatukumwomba aseme. Baada ya kuswali akadai picha. Alizipitia kwa kidole cha mkono wa kushoto, akaja akasimama kwenye picha ya mlango. Mlango ulikuwa haufungi. Tulikuwa tumeupima, tumeukata, tumeupiga randa, na bado juu uliacha nafasi ya nusu inchi na chini unagonga.

"Mlipopima… lilisimama juu ya nini?"

"Juu ya jeki, Baba."

"Lishusheni."

Akaeleza kwa muda mrefu jambo ambalo zamani angelieleza kwa pumzi moja. Chesisi si jiwe. Ukiinyanyua pembe nne kwa jeki inajipinda kidogo, na bodi linajipinda nayo. Mlango wa lori hupimwa lori likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, na mzigo wake ndani. Mkiukata mlango uendane na kosa la jeki, mtakuwa na milango miwili mibovu.

Aprili, theluji ilipoisha, tulilishusha. Tukaweka ndani jiko, sanduku la barafu na magodoro. Tukarudisha kipande kidogo tulichokuwa tumekikata chini ya mlango kwa haraka zetu. Mlango ukafunga kwa kidole kimoja. Tulimrekodia ule mlio wa kitasa, tak, tukampelekea.

Kazi iliyobaki tuipite upesi. Umeme wa zamani ulikuwa wa nyaya mbili bila ethi, na kwenye nyumba iliyovaa alumini hiyo ni hatari. Waya mmoja ukichubuka, ukuta wote wa nje unaweza kukurusha. Mwanachama mwenzetu anayesomea uhandisi wa umeme aliung'oa wote akaweka nyaya tatu na swichi inayokata umeme unapovuja. Bomba la gesi lilipimwa na fundi mwenye leseni. Hapo hatukujifanya wajuzi. Tukaweka king'ora cha moshi na cha gesi ya monoksidi ya kaboni. Rangi ni nyeupe juu na kijani cha bahari chini. Mito ya viti tumeishona kwa kanga mbili. Dola 630 za kazi hizi zilitoka kwenye mishahara yetu ya kufundisha, kidogo kidogo, baada ya kuwa tumeanza kurudisha zenu.

Julai tulilikokota mpaka kwenye mbuga ya Indiana Dunes, kando ya Ziwa Michigan, kwa mwendo wa maili 50 kwa saa na mikono ikitutoka jasho. Binti yetu alipoona maji yasiyo na ng'ambo akapiga kelele, "Bahari!" Akayaonja, akashangaa kwamba hayana chumvi. Tukapika wali kwenye jiko la mwaka 1964. Usiku mvua ikanyesha.

Hatukulala. Tulikaa na tochi, tukipapasa kila ungio, kila kona ya dirisha, kila mahali palipowahi kuoza. Pakavu. Mvua juu ya bati ina sauti ambayo hamkuisikia tangu mlipokuja nchi hii ya paa za lami. Kwa Tanga ilikuwa asubuhi, tukampigia Baba, tukaweka simu juu ya kabati bila kusema neno.

Akasikiliza. "Hiyo mvua iko kwenu au kwetu?"

"Kwetu, Baba."

"Inaingia?"

"Haiingii."

"Haya. Sasa anzeni kuweka nauli."

Sasa hesabu, kama tulivyoahidi. Trela dola 800. Matairi, beringi na breki 410. Mbao na plaiwudi 540. Bati la paa 230. Utepe, gundi na skrubu 190. Vifaa vya madirisha 95. Hati ya umiliki na usajili 75. Zana za kazi 310. Umeme 260. Gesi 120. Rangi 140. Magodoro na mito 110. Jumla dola 3,280, badala ya 1,400 tulizojiambia mezani. Muda wetu hatukuuhesabu. Tumeambiwa kwamba tukiliuza tutapata fedha zetu na kidogo juu, na huenda siku moja tukaliuza. Lakini mwaka huu hatuliuzi, na tunakiri kwamba hoja ya kuliuza kwa faida haikuwahi kuwa ya kweli.

Kati ya dola 940 za mchango tumerudisha 500 kwenye mfuko wa chama, na mweka hazina anazo stakabadhi. Zilizobaki 440 zitakwisha kabla ya Desemba. Kamati ilituambia mchango wa ugonjwa haurudishwi. Tunaijua kanuni hiyo, nayo ni nzuri, tena iachwe kama ilivyo kwa wale wanaostahili. Sisi tunaomba turuhusiwe kurudisha.

Na kwa atakayeliona tangazo kama lile ubaoni, tunamwachia machache. Nenda na bisibisi, na uichomeke chini ya kila dirisha kabla hujatoa fedha. Soma tarakimu za matairi. Usinunue trela lisilo na hati kwa kuambiwa kwamba hati ni jambo dogo. Kadiria gharama, kisha izidishe mara mbili na nusu. Unapolipakia, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake ilalie kwenye mkono wa kukokotea, la sivyo litayumba nyuma yako barabarani kama mkia. Anza na paa. Na kama fedha ulizonazo zina jina la mtu juu yake, mwulize mtu huyo kwanza.

Kopo la Dagaa liko uani kwetu. Mwanachama yeyote anayetaka kwenda nalo ziwani mwishoni mwa juma aje achukue funguo, bila malipo, mradi awe na gari linaloweza kulikokota, bima yake iwe sawa, na alirudishe limefagiliwa. Mwenzetu wa mwaka wa kwanza aliyetoa dola zake za mafuta tumemwekea wiki ya kwanza ya Septemba. Hakuna aliyemwambia sababu. Sasa anaijua.